Gari limezima ndani ya maji: soma dalili kabla ya kugusa ufunguo

Kati ya Machi na Mei, ukitoka Kisumu kwenda Ahero, unaweza kupita Nyamasaria jua likiwaka na lami imekauka, halafu mbele kidogo ukute barabara imemezwa. Mvua hiyo haikunyesha hapo. Ilinyesha kule Nandi na Kericho, mto Nyando ukaishusha hadi uwanda wa Kano, ambako ule udongo mweusi hauyanywi maji haraka. Dereva anaona Probox ya mbele imevuka, naye anaingia. Akifika katikati, basi linatokea upande wa pili bila kupunguza mwendo, wimbi linagonga boneti, injini inakohoa mara moja na kunyamaza.

Kuanzia hapo bili inaweza kuwa ya plagi na oili, au ikawa ya injini nzima. Inategemea maji yaliyoingia kwenye silinda ni kiasi gani, injini ilikuwa ikizunguka kwa kasi gani yalipoingia, na mtu wa kwanza kushika ufunguo alifanya nini. Hayo mawili ya kwanza huwezi kuyabadilisha tena. Mwongozo huu unahusu la tatu, na jinsi ya kujua ukweli wa injini kabla fundi hajakwambia “imewaka, twende.”

Vijiko vinane vya chai

Pistoni ikipanda hubana hewa, na hewa hukubali kubanwa. Maji hayakubali. Chukua 1NZ-FE, ile injini ya Toyota ya cc 1496 iliyo kwenye Probox, Fielder na Axio nyingi za hapa kwetu. Kila silinda ina cc 374 na uwiano wa mgandamizo ni 10.5 kwa 1, kwa hiyo pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama cc 39. Hivyo ni vijiko vinane vya chai. Maji yakizidi hapo na valvu zimefunga, pistoni inakwama njiani huku krenkshafti, ule mhimili wa chini unaozunguka, ikiendelea kuisukuma kutoka chini. Konrodi, ule mkono wa chuma unaoziunganisha hizo mbili, ndiyo iko katikati, nayo ndiyo inayopinda.

Dizeli ina hali mbaya zaidi. Injini ya lita 2.5 yenye uwiano wa 18 kwa 1 ina silinda kubwa ya cc 625, lakini nafasi ya juu ni kama cc 37 tu, yaani silinda imekuwa kubwa na nafasi imekuwa ndogo. Tena dizeli haina plagi za moto za kulowa. Gari la petroli mara nyingi huanza kumisi na kuzima kwa sababu koili zinazopeleka umeme kwenye plagi zimelowa, na huko kuzima mapema ndiko kunakoliokoa. Dizeli huvuta tu mpaka maji yenyewe yaifunge.

Wengi hudhani maji lazima yafunike boneti. La. Kinachohesabika ni urefu wa mdomo wa bomba linalovuta hewa. Fungua boneti siku ya jua, anzia kwenye boksi la chujio la hewa na ufuate bomba hadi mwisho wake. Kwenye magari mengi madogo ya Kijapani mdomo uko mbele, nyuma ya taa au juu ya redieta, yaani mahali ambapo wimbi la lori linapiga moja kwa moja. Pima kutoka ardhini hadi hapo kwa futi kamba na uukumbuke urefu huo. Ukiendesha kwa kasi ndani ya maji unajitengenezea wimbi lako mwenyewe mbele ya bampa, kwa hiyo maji yaliyoonekana kufika nusu ya tairi yanaweza kufika kwenye mdomo huo bila msaada wa basi.

Ukiwa bado ndani ya maji

Maji yakiwa yanasonga kwa nguvu, acha gari utoke na watu wako. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kasi yanaweza kuliinua gari dogo, na hakuna injini inayostahili ubishi huo.

Kama maji yametulia, zima swichi, weka nyutro, omba msaada wa kusukumwa. Vijana watakuja, hawakosi, na mmoja wao atasema, “Mkubwa, piga stata moja tu, itashika.” Usipige. Mwingine, kama gari ni la gia za mkono, atakushauri uweke gia ya pili mkusukume uachie klachi. Hilo ni baya kuliko stata, kwa sababu uzito wa gari zima unazungusha injini iliyojaa maji. Sukuma ikiwa nyutro hadi mahali pakavu, kisha vua waya wa betri upande wa hasi. Gari la otomatiki linapovutwa, magurudumu yanayoendesha yainuliwe. Kwa Fielder ya kawaida hayo ni ya mbele.

Kabla hujafuta chochote, piga picha ya alama ya maji kwenye milango na ya chujio la hewa lilivyo ndani ya boksi lake. Utajua sababu tukifika kwenye bima.

Chujio hilo ndilo shahidi wa kwanza. Likiwa kavu na boksi lina vumbi tu, karibu hakika maji hayakupita hapo, na tatizo lako huenda ni la umeme. Likiwa limelowa upande wa chini tu, bado una matumaini. Likiwa limelowa chapa na bomba linaloelekea kwenye injini lina matone au matope kwa ndani, fanya kazi yote kama vile silinda zina maji.

Stata inagonga “kop” mara moja na kukwama

Kama mtu ameshapiga stata, hii ndiyo dalili ya injini iliyofungwa na maji. Tatizo ni kwamba betri dhaifu nayo hukwamisha stata, na watu huchanganya haya mawili. Angalia taa za dashibodi. Betri ikiwa imekufa, taa hufifia au kuzimika na stata hutoa mlio wa haraka haraka, “taka-taka-taka.” Injini ikiwa imejamu, taa zinafifia kidogo, unasikia mlio mmoja mzito, kisha kimya. Ukisikia huo mmoja, acha. Kuchukua betri ya jirani na nyaya za jampa ili “kuongeza nguvu” ni kuiongezea stata nguvu ya kupinda chuma.

Sasa plagi zitoke, na hapa pana kosa dogo linalowapata hata mafundi wazuri. Koili kwenye 1NZ zinakaa juu ya plagi, ndani ya visima vilivyo katikati ya kifuniko cha valvu, na kila moja inashikwa na bolti ya namba 10. Baada ya mafuriko visima hivyo vyenyewe huwa na maji. Ukichomoa koili na kufungua plagi papo hapo, maji ya kisimani yanamiminika ndani ya silinda ambayo pengine ilikuwa kavu. Kwa hiyo chomoa koili, puliza visima kwa hewa ya kompresa au nyonya maji kwa sirinji na kitambaa, ndipo ushushe soketi ya namba 16 ufungue plagi. Zipange kwa mfuatano wa silinda zake. Plagi yenye maji au tope jekundu inakuonyesha silinda ya kuifuatilia baadaye.

Plagi zote zikiwa nje, zungusha krenkshafti kwa mkono, spana ikiwa kwenye bolti ya puli, kwa mwelekeo wake wa kawaida, mizunguko miwili kamili. Nenda polepole. Inapozunguka laini mpaka mwisho, vizuri. Ikigoma mahali palepale kila mara hata baada ya maji kutoka, kuna chuma kinachogusa chuma. Funga boneti, injini hiyo ni ya kufunguliwa.

Ikizunguka, chomoa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa petroli) au soketi za injekta ili petroli isimwagwe, koili zote zikae mbali, rudisha waya wa betri, kisha piga stata kwa sekunde chache. Maji yatarushwa juu kwa nguvu kupitia matundu ya plagi. Mtu asichungulie, na asiwepo mwenye sigara. Rudia mpaka kisitoke kitu ila ukungu, halafu mpaka hata ukungu uishe. Baada ya hapo tia kijiko cha oili safi kwenye kila silinda na uzungushe tena kwa mkono. Kutu huanza upesi kwenye kuta za silinda zilizolowa, na gari likikaa wiki nzima likisubiri pesa bila hiyo oili, ringi za pistoni zinaweza kung'ang'ania. Nimeona injini zilizonusurika mafurikoni zikafia kwenye ua wa gereji kwa sababu hii tu.

Kwa dizeli toa glo plagi badala ya nozeli, ni rahisi zaidi. Kama ina tabo, fungua mabomba ya intakula (kipoza hewa cha tabo) umwage maji yaliyojificha humo. Usipoyamwaga, injini itayavuta yote mara utakapowasha, na utaanza upya.

Stata inazunguka kasi na sawasawa, lakini haiwaki

Habari njema kiasi. Mzunguko wenye mapigo yanayolingana unaonyesha pistoni zote zinabana. Tafuta maji kwenye umeme: koili, soketi za sensa, sensa ya hewa iliyo karibu na chujio, boksi la fyuzi. Soketi ikifunguliwa na kuonekana ukungu wa kijani kwenye pini, maji yalikaa humo. Puliza, nyunyiza dawa ya kusafishia umeme, acha ikauke. Kompyuta ya injini katika Toyota nyingi hukaa nyuma ya kikabati cha dashibodi kilicho mbele ya abiria. Kama maji yalifika kwenye viti, itoe na uikague kabla ya kurudisha betri, maana maji peke yake huiacha kompyuta ikauke, lakini maji yakiwa pamoja na umeme huunguza.

Mafuta nayo yaangaliwe. Tangi lina njia ya kupumulia, na maji yakiingia hukaa chini, pale pampu inapovuta. Dizeli nyingi zina kichujio chenye nati ya kumwagia maji upande wa chini. Mwaga kidogo kwenye chupa ya kuonea, uiache itulie, na maji yatajitenga chini.

Stata inazunguka kwa kuchechemea

Hapa ndipo injini nyingi hupotelea, kwa sababu gari litawaka. Litawaka, litatembea, na mwenyewe atamlipa fundi na kuondoka akishukuru. Lakini ukisikiliza stata bila kuwasha, mapigo hayalingani: matatu mazito na moja jepesi. Hilo jepesi ni la silinda ambayo pistoni yake haifiki tena juu kama zamani, kwa kuwa konrodi imejikunja na imekuwa fupi.

Fundi atatoa geji ya kompresheni, na ni sawa, lakini angalia anavyosoma. Kiwango cha 1NZ nzima ni kama psi 213 (psi ni kipimo cha presha), na kiwango cha chini kinachokubalika ni 156. Tuseme konrodi moja imefupika milimita 1. Kipenyo cha silinda ni milimita 75, kwa hiyo nafasi ya juu imeongezeka kama cc 4.4, na uwiano umeshuka kutoka 10.5 hadi karibu 9.5. Geji itasoma pengine 185 au 190. Fundi anayetazama kiwango cha chini peke yake atasema silinda iko sawa, na kwa hesabu yake hajadanganya. Kinachoifichua ni tofauti. Kwa injini hii silinda hazitakiwi kupishana zaidi ya psi 14. Tatu zikisoma 210 na moja 188, kuna jambo. (Kumbuka umetia oili kwenye silinda. Oili hupandisha usomaji kwa muda, kwa hiyo zungusha stata vya kutosha ili itoke kabla ya kupima, na kanyaga eksileta hadi mwisho wakati wa kupima.)

Kipimo ninachokiamini kuliko geji hakina gharama. Tafuta kijiti kirefu cha plastiki au mbao ngumu kisichoweza kukatikia ndani, na usitumie bisibisi ya chuma, itachubua pistoni. Kishushe kupitia tundu la plagi hadi kiguse kichwa cha pistoni, kisha mwenzako azungushe krenkshafti polepole kwa spana. Kijiti kitapanda, kitasimama, kitaanza kushuka. Pale kinaposimama juu kabisa, tia alama ya kalamu kwenye usawa wa ukingo wa kisima. Fanya hivyo kwa silinda zote nne kwa kijiti kilekile, ukikiegemeza upande uleule. Pistoni ya 1 na ya 4 hupanda pamoja, ya 2 na ya 3 pamoja. Alama zikikaa juu ya mstari mmoja, konrodi zako zimenyooka. Alama moja ikikaa chini ya nyingine, hata kwa unene wa sarafu, umeipata. Gereji yenye kamera ndogo ya waya inaweza pia kuonyesha mstari mweusi wa kaboni juu ya silinda: ukiwa mpana kwenye silinda moja kuliko nyingine, pistoni yake haifiki juu tena.

Mzee mmoja aliyeleta Fielder yake aliuliza, “Fundi, si imewaka? Tunapima nini tena?” Fundi akamjibu, “Imewaka, jaduong', lakini kuwaka si kipimo. Hebu tupe nusu saa.” Hiyo nusu saa ndiyo kazi yote. Konrodi iliyopinda kidogo hubeba nguvu kwa upande. Inasugua ukuta wa silinda, inakula beringi, na chuma chake kimeshachoka pale kilipojikunja. Siku moja ukipanda mlima wa kutoka Kisumu kuelekea Maseno ukiwa umepakia, inakatika na kutoboa bloku. Oili inamwagika barabarani, na injini ambayo ingeponywa kwa konrodi moja sasa ni chuma chakavu. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Ndiyo maana watu hawaunganishi hicho kifo na mafuriko, wanasema “imenoki tu ghafla.”

Imewaka, lakini…

Moshi mweupe mwingi dakika za kwanza ni maji yaliyobaki kwenye ekzosti yakigeuka mvuke. Acha ichemke. Ukiendelea baada ya injini kupata joto kamili na maji ya redieta yanapungua, fikiria gaskiti ya silinda hedi. Moshi wa bluu ni oili: ringi zimekwama au zimevunjika.

Inamisi na taa ya injini inawaka? Soma kodi, yaani namba za hitilafu, kwa mashine. P0302, kwa mfano, ni kumisi kwa silinda ya 2. Hamisha koili ya silinda ya 2 uipeleke ya 3. Kodi ikihama na kuwa P0303, nunua koili. Ikibaki P0302, hamisha plagi vilevile. Ikizidi kubaki, rudi kwenye kijiti na geji, na usikubali kununuliwa koili nne ili “tujaribu.”

Mlio wa kugonga kutoka chini, unaoongezeka ukikanyaga mafuta: zima mara moja, usiliendeshe hata hadi gereji. Gari likikosa nguvu ya kupanda huku kompresheni ikiwa nzuri, angalia katalisti, kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosti. Ile sega ya kauri iliyo moto ikimwagiwa maji baridi inaweza kupasuka na kuziba njia ya moshi.

Oili imekuwa kama chai ya maziwa

Vuta dipstiki kabla ya kuwasha chochote. Oili iliyopanda juu ya alama ya juu, au iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ina maji. Ikiwa injini haikuwashwa tena na gari limelala usiku kucha, bado kuna nafasi nzuri, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na yatakuwa yametulia chini ya sampu, lile karai la oili. Legeza nati ya kumwagia polepole, usiitoe yote. Kitakachotangulia kudondoka ni maji, tena yale ya Nyando yenye rangi ya udongo, na baada ya muda oili nyeusi inafuata. Hapo umejua kiasi kilichoingia. Injini ikiwa ilishawashwa, vimechanganyika na hutaona mpaka.

Mwaga yote, badilisha filta, tia oili ya bei ya kawaida ya uzito unaofaa, washa, acha izunguke bila mzigo dakika 10 hivi, kisha mwaga tena na filta ibadilishwe tena. Kama bado ina weupe, rudia. Ndipo utie oili nzuri, na uibadilishe mapema kuliko kawaida. Najua inaonekana ni kumwaga pesa, lakini tope laini la mafuriko ni msasa, na beringi ndizo zitakazosuguliwa.

Weupe kidogo chini ya kifuniko cha oili peke yake, dipstiki ikiwa safi, huwa ni mvuke wa safari fupi fupi kwenye baridi. Watu wa Timboroa na Molo wanaujua. Hauna uhusiano na mafuriko.

Maji yasiyotoka barabarani

Si kila injini yenye maji imepita kwenye mafuriko. Pale ziwani Kisumu kuna wanaoosha magari ukingoni kabisa, na mpira wa presha ukielekezwa kwenye injini hujaza vile visima vya plagi. Gari linaanza kumisi ukifika tu barabarani. Dawa ni kupuliza na kukausha. Haijafungwa na maji. Ila mpira ule ukielekezwa kwenye mdomo wa hewa huku injini inazunguka, unaweza kufanya kile kilichofanywa na basi.

Gari linalogonga “kop” asubuhi moja bila kugusa dimbwi, na redieta inapungua kila wiki, lina gaskiti iliyoungua au silinda hedi yenye ufa. Maji yamevuja ndani ya silinda usiku. Plagi zitoke kama nilivyoeleza, lakini ukishakausha usidhani umemaliza.

Gia boksi, difu na vingine

Gia boksi ina tundu la kupumulia. Ikiwa moto na ikazama ghafla, hupoa na kunyonya maji. Oili ya otomatiki ikigeuka rangi ya waridi yenye maziwa, usiendeshe. Klachi za ndani hubanduka zikilowa. Difu ya nyuma nayo ifunguliwe nati iangaliwe. Alteneta na stata zikaushwe, na beringi za magurudumu zisikilizwe wiki zinazofuata.

Kufungua au kubadilisha

Konrodi moja ikiwa imepinda na ukuta wa silinda hauna mikwaruzo inayoshika ukucha, fungua, badilisha konrodi na beringi, na nyingine tatu zipimwe kwa mafundi wa mashine. Mara nyingi si moja tu. Usikubali konrodi “inyooshwe.” Inaweza kunyooka kwa macho, lakini itakatika palepale. Bloku likiwa limetobolewa, au krenkshafti imekwaruzika, kwa magari ya kawaida kama haya injini ya mtumba kutoka Japani huwa nafuu kuliko kujenga upya. Kwa dizeli kubwa hesabu inaweza kugeuka, kwa hiyo omba bei zote mbili kwa maandishi kabla injini haijatawanywa juu ya gunia.

Bima ya mtu wa tatu, ile ya lazima kisheria, hailipi gari lako hata shilingi. Bima kamili inaweza kulipa, lakini soma kama mafuriko yametajwa, na utegemee mkaguzi kuuliza kama uliwasha tena baada ya kuzima. Picha za alama ya maji na za chujio, pamoja na ukweli kwamba gari lilivutwa, ndizo zitakusemea. Usiruhusu injini ifunguliwe kabla mkaguzi hajaiona.

Ukinunua injini ya mtumba, mwombe muuzaji akuruhusu kutoa plagi na kushusha kijiti dukani kwake kabla ya kulipa. Muuzaji wa kweli hatakataa. Chukua risiti yenye namba ya injini, kwa sababu namba iliyo kwenye logbook ni ya injini ya zamani na mabadiliko hayo yanapaswa kuandikishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ukiacha, yatakungoja siku ya kuuza gari.